Nyimbo Ulizoacha Kuzipiga

Mwanaidi mwanangu,

Nakuandikia ukiwa hapo mjini Joubert Park tu, umekaa kwenye kiti cha Mama Furaha unasukwa, nami nipo hapa Malvern, nimefunga duka la ushonaji, nimepanda nyumbani na kufungua karatasi. Nimempigia simu Mama Furaha kumuuliza utamaliza saa ngapi. Akanijibu kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi, "Mama, huyu mutoto iko na nywele mingi, usimungojee mbele ya magaribi." Nikafurahi, mara nikaingiwa na hofu. Maana yake nina mchana mzima wa kuandika na sina kisingizio.

Habari za pasipoti, chanjo na chaja ya simu sikuandikii. Umeziorodhesha mwenyewe na kuzitia alama. Habari za kula, kuvaa na kuswali nimekwambia tangu ulipoanza kutembea, na yaliyoingia yameingia. Kesho saa nane mchana unapanda ndege kwenda Thailand kufundisha watoto wa watu Kiingereza, na kilichonibakia kukwambia si wosia. Ni jambo nililokufanyia mwezi wa nne, ambalo mpaka leo unadhani ni kosa la watu wengine.

Tangu nianze nimeinuka mara nne. Nimepiga pasi pazia ambalo halikuwa na kunyanzi hata moja. Nimefagia vipande vya nyuzi nilivyokwisha kuvifagia jana. Basi nalisema, kabla sijainuka mara ya tano. Cheti chako cha polisi, kile cha tabia njema, hakikuchelewa, Mwanaidi. Kilifika kwa wakati wake. Mimi nilikificha.

Kilikuja siku ya Jumanne. Ulikuwa umetoa anwani ya hapa dukani, Jules Street, kwa sababu mchana unakuwa Randburg kwenye ile ofisi ya kupokea simu wanakokuita Mandy. Mtu wa vifurushi akanipa kalamu, nikatia sahihi. Nilijua ni nini, kwani kila jioni ulikuwa ukiingia na swali moja, Mama, haijaja? Shule ya huko ilikuwa imekukubali, inangoja karatasi hiyo tu uanze nao mwezi wa tano wanapofungua mwaka wao wa masomo. Nikaiweka bahasha juu ya meza ya kukatia. Nikakata shati moja. Nikaisogeza chini ya vitambaa vya suruali. Saa tisa nikaitoa huko nikaitia kwenye kasha la vifungo, nikalifunga. Jioni ukaingia, ukauliza, nikasema haijaja.

Nilijiambia ni ya siku moja, nipate kupumua. Siku ya pili haikuniwia vigumu, na kufikia ya tano nilikuwa nakujibu bila kuinua macho kwenye cherehani. Zikapita wiki tatu. Shule ikakuandikia kwamba nafasi imepewa mwingine. Ulikaa pale sakafuni karibu na mashine, kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni, ukalia, ukasema, "Eish, Mama, hii serikali." Nami nikaitukana serikali pamoja na wewe. Nikakupikia pilau ya kukuliwaza. Nimefanya mengi ya kijinga katika maisha yangu, lakini sijui kama nimewahi kufanya jambo la aibu kuliko pilau ile. Wiki iliyofuata nikakupa bahasha, nikasema ndiyo kwanza imeletwa. Hukuifungua hata.

Sababu nitakwambia, na usiichukue kama utetezi. Baba yako alitoka kwenye fleti yetu na begi la siku mbili, wewe ukiwa na miaka sita, akaenda kuanza nyumba nyingine Tanga. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba nami nilitoka kwa mama yangu vile vile. Nilimwambia nakwenda Dar kununua kanga za kuuza, wiki mbili nitarudi. Nilikuwa na nauli ya kufika huku nimeishonea kwenye pindo la gauni. Alinifungia mkate wa kumimina kwenye karatasi, akanisindikiza mpaka stendi, akaja kuambiwa na jirani kwamba mwanao yuko Afrika Kusini. Kwa hiyo, wewe uliponiambia unakwenda kwa mwaka mmoja, sikusikia mwaka mmoja. Nilisikia zile wiki mbili zangu.

Na nilikuwa nimeshapata wa kumlaumu. Nilizilaumu nyimbo.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulikuwa mwaka wa pili chuoni. Ukaja na wimbo mmoja wa tamthilia ya Kithai, ukaupiga asubuhi, ukaupiga ukiosha vyombo, mpaka jirani akagonga ukuta. Nikakuuliza kama huo ni wimbo au ni paka wawili wamefungiwa kabatini. Ulicheka, ukasema, "Haibo, Mama, wewe sikiliza tu, usitafute maana." Mimi nikaona ni wazimu wa ujana, utapita. Haukupita. Ukanunua daftari, ukaanza kuchora herufi zao zenye vichwa vya mviringo, ukawa unajifungia chumbani unarudia maneno, unapandisha sauti na kushusha. Wenzako hapa mtaani walikuwa na nyimbo zao za kucheza wakaridhika nazo, wewe unatafuta za watu ambao hujawahi kuwaona. Nikikutazama umekaa jikoni, nilikuwa naona umekwisha kuondoka. Ndiyo maana nikazichukia.

Baada ya nafasi kupotea ukaacha kuzipiga. Na mimi, mwanangu, nilikuwa nimepata nilichokuwa nakitaka, umebaki nyumbani na nyimbo zimenyamaza, na nyumba ikawa haikaliki. Nawasha redio, nazima. Nafungua dirisha, nafunga. Siku moja ya mwezi wa sita, baridi imebana, nikajikuta nipo kwenye mashine naimba kwa puani, mdomo umefungwa, na ninachoimba ni ule wimbo wako wa paka.

Mbele yangu alikuwa amesimama Noi. Unamjua kwa sura, ni yule dada Mthai wa duka la masaji Randburg anayeniletea sare za wenzake kupunguza kiuno. Kiingereza chake kimechakaa kama changu, ndiyo maana tunaelewana. Akauliza, "Mama, huo umeupata wapi?" Nikasema kwa binti yangu. Akacheka mpaka akakaa, kwa jinsi nilivyoupinda vibaya. Aliporudi kuchukua sare akaniletea flashi. Akasema nyimbo za binti yako ni za vijana wa mjini, nzuri, lakini wewe mtu mzima nakupa hizi. Akaziita luk thung, akanieleza kwamba maana yake ni mtoto wa mashambani.

Nilizipiga kwa ubishi, nikitegemea kuchoka baada ya wimbo wa pili. Wimbo wa tatu ukafunguliwa na kodiani. Mwanaidi, mimi nimekulia kwenye kodiani. Harusi ya kwetu Tanga haikuwa harusi bila kodiani kulia mpaka watu wazima wakainamisha vichwa. Sijaisikia vile kwa miaka ishirini na zaidi, na hii hapa inalia kutoka nchi ambayo sikuweza hata kuionyesha kwenye ramani. Kisha mwanamke akaanza kuimba. Hakuliimba neno moja kwa moja, alilishika, akalitikisa, akalivunja katikati, akaliokota. Waimbaji wetu hufanya hivyo hivyo wakiwa na jambo la kumwambia mtu aliyekaa ukumbini. Sikuelewa hata silabi moja, na nilielewa kwamba kuna mtu anaambiwa jambo. Pasi ilikuwa juu ya kola ya shati la mteja. Kola ikaungua.

Nikawa sishoni bila hizo nyimbo. Ile sauti niliyokuwa nikisema ni ya puani nikaanza kuisikia kwamba ni ya makusudi, kwa sababu Noi alinieleza kwao neno lenyewe lina kupanda na kushuka kwake, ukilishusha pale linapotaka kupanda umesema neno jingine, hivyo mtunzi hana ruhusa ya kwenda anakotaka. Nikajua kwa nini ulikuwa ukirudia neno moja mara ishirini chumbani. Kuna zenye kinanda cha matete cha kupuliza kwa mdomo, ngoma zake zinakimbia hivi kwamba mguu wangu ukaingia kwenye mwendo wao nikashona suruali nne kabla ya adhuhuri. Kuna nyingine sizipendi mpaka leo, tamu mno, sukari imezidi chai. Hata hizo nilizisikiliza mpaka mwisho.

Wimbo wa kodiani nilimwomba Noi anieleze. Akasema ni wa msichana aliyekwenda mjini kufanya kazi kwenye kiwanda cha kushona nguo. Anampigia mama yake simu, anamwambia nakula vizuri, chumba kina hewa, meneja ananipenda, nitakuja sikukuu. Kisha anakata simu na wimbo unaishia hapo. Nilimwomba Noi aniache nimalize pindo peke yangu. Hivyo ndivyo nilivyompigia bibi yako simu kwa miaka tisa kutoka kwenye vibanda vya Joubert Park, tunalala wanne chumba kimoja, namwambia nyumba kubwa, dirishani naona miti.

Sikukwambia haya yote. Uliingia dukani mara mbili nikazima haraka, ukadhani nazima kwa ajili ya adhana. Nilikuwa nazima kwa aibu. Nimekunyang'anya nyimbo zako, sasa nakaa nazila peke yangu.

Mwezi wa nane Noi akanialika. Kwao siku ya akina mama huwa mwezi huo, na wale wanawake wa masaji, ambao mama zao wote wako mbali, hukusanyika mchana kwenye uwanja wa nyumba wanayopanga Randburg, wanapika, wanaimba. Nilivaa kanga mpya. Tulikula wali unaonata, kwa mkono, nikaona kumbe hawa ni watu wa kwetu. Noi alikuwa amekwisha kunihadithia kwamba kwao mwimbaji akiwagusa watu, hupanda kumvisha shada la maua lililobandikwa noti. Nikasema moyoni, ala, wanatunza kama sisi. Kwa hiyo Noi aliposhika kipaza sauti akaimba ule wa kodiani, nikaona hapa mimi si mgeni tena. Nikainuka kwa madaha, mkono juu, noti ya randi hamsini inapepea, nikaenda mpaka mbele yake, nikaibandika katikati ya paji lake la uso, nikaikandamiza kwa kiganja ishike, kama tunavyofanya Tanga.

Mama mmoja mtu mzima akaweka mkono mdomoni. Noi aliacha kuimba, akafumba macho, kisha akauchukua wimbo pale alipouachia akaumaliza, lakini hakunitazama tena. Hakuna aliyenieleza kitu. Walinipa chakula cha kubeba, wakanisindikiza mpaka kwenye teksi kwa adabu zote. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nami nilijisahau kwamba ninayo.

Wiki tatu Noi hakutokea. Sare zilikuwa zimekwisha, nimezitundika pale dirishani, kila mtu akipita barabarani nainua shingo. Nilipiga simu, haikupokewa. Uliniuliza kwa nini nakutukana kwa sababu ya kijiko, unakumbuka? Ilikuwa wiki hizo.

Siku aliyokuja alisimama mlangoni, hakukaa. Akasema, "Kwetu kichwa cha mtu mzima hakishikwi, Mama. Mama yangu mwenyewe aliacha kunishika nilipokua." Nikaanza kumweleza kwamba kwetu ile ni heshima, ndiyo heshima kubwa kabisa, kwamba nilikuwa nampenda siku ile kuliko mtu yeyote pale uwanjani. Akaningoja nimalize. Akasema, "Najua ulinipenda. Lakini hukuniuliza."

Sijui ilikuwaje, mwanangu. Labda kwa sababu alisema taratibu, bila ukali. Nilikaa kwenye kiti cha mteja nikamwambia habari ya bahasha. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia, Mthai wa Randburg, nami nina mashoga wa miaka ishirini hapa mtaani. Akauliza kama wewe unajua. Nikasema hujui. Hakunihubiria. Alikunja sare zake moja moja, akasema alifikiria kuhamia kwa fundi mwingine, ingekuwa rahisi, na mimi nisingejua kamwe nimekosa nini. "Nimekuja kukwambia," akasema, akaondoka.

Hiyo ilikuwa wiki moja tu kabla ya wewe kupata shule nyingine. Cheti cha kwanza kilikuwa kimepitwa na muda, ukaenda kuchukuliwa alama za vidole upya, ukangoja karatasi upya, na safari hii nilipotiwa bahasha mkononi nilifunga duka saa tano asubuhi nikakuletea mwenyewe mpaka Randburg, teksi mbili. Ulishangaa. Ulinikumbatia pale mapokezi mbele ya wenzako, ukasema mama yangu bwana, hakuna kama yeye. Nilitaka ardhi ipasuke. Ningeweza kusema palepale. Nilisema nawahi kufungua duka.

Tangu siku hiyo sina raha. Ulianza tena kupiga nyimbo zako, unacheza jikoni, mimi nageuza uso. Kila siku nilisema kesho. Umeniona nikizunguka zunguka, ukadhani ni uchungu wa kukuacha uende. Uchungu upo, sikatai, unanikata hapa chini ya mbavu. Lakini kinachonizungusha ni hiki.

Nilikuwa na mpango wangu, nikuambie na huo. Barua hii ilikuwa niichomeke kwenye begi lako, chini kabisa, uikute ukishafika, ukipanga nguo kabatini. Nikaona ni busara kubwa. Utasoma ukiwa mbali, hasira zitapoa kabla hatujaonana, nami nitakuwa nimesema. Nimeukunja ukurasa wa kwanza kwa ajili hiyo, nimekwenda nao hadi kwenye begi, nimefungua zipu. Hapo ndipo nilipoona mkono wangu. Ni mkono ule ule, unakuficha karatasi mara ya pili. Mama yangu alisikia kwa jirani. Wewe usikie kutoka kwenye begi?

Huko unakokwenda utakuwa mgeni, na wageni tunakosea sana pale tunapopenda. Utapenda watoto wao, nyimbo zao, wali wao, utajiona umefika. Sina la kukufundisha hapo, maana nimejifunza juzi, tena kwa kumdhalilisha mtu mbele ya wenzake. Nasema tu kwamba Noi alirudi. Sikumstahili, na alirudi akanieleza kwa mdomo wake, na mpaka leo nampunguzia sare.

Najua kusoma Kiswahili kunakupa tabu. Unakisikia chote, unanijibu kwa Kiingereza, au Kizulu ukiwa na haraka. Ningeweza kuandika kwa Kiingereza, lakini Kiingereza changu ni cha kupima kiuno na kutaja siku ya kuchukua nguo, hakijawahi kuomba radhi. Kwa hiyo utasoma polepole na utakwama, na ukikwama itabidi uniulize mimi, nami itabidi nikujibu nikikutazama usoni.

Lango la chini limelia. Ni hatua zako, unapanda ngazi mbili mbili. Nakupa karatasi hizi sasa hivi, kabla hujavua viatu. Sijui kama kesho utanishika mkono uwanja wa ndege au utateremka kwenye gari bila kugeuka. Nisamehe, mwanangu, ukiweza, na kama huwezi, nikasirikie hapa hapa, tuna usiku mzima. Mimi sikumwachia mama yangu nafasi ya kunikasirikia. Wewe utaondoka ukiwa umeagana na mtu unayemjua.

Mama yako